Shahidi Mhandisi Alipima Nini?

Barua nyingi za mwezi huu, ingawa zimetoka pande mbalimbali za Uganda, zinazunguka jambo moja: ugomvi juu ya kifaa cha umeme au cha joto ambacho muuzaji anasema kinafanya kazi na mnunuzi anasema hakifanyi, hadi wahandisi wakaitwa kutoa ushahidi. Tumechagua tano na kuzifupisha. Majibu ni ya mhandisi wa safu hii, na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili anayeijua kesi yako.

Kisanduku cha kupunguza bili

*Mheshimiwa Mhandisi, pokea salamu zangu. Nina mashine ya kusaga posho yenye mota ya kilowati 15. Muuzaji mmoja aliniletea kisanduku cha chuma akaniahidi kwamba kitapunguza bili yangu ya umeme kwa asilimia 20. Kilipofungwa, fundi wake alipima mbele yangu kwa klampu, kile kipimo kinachobana waya na kusoma ampea, na ni kweli ampea zilishuka kutoka 28 hadi 22. Hata hivyo yuniti kwenye bili hazijapungua. Nimemdai fedha zangu, amekataa, na sasa tuko mahakamani. Wakili wake ametoa ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa, yenye muhuri na michoro, isemayo kuwa kifaa kinafanya kazi. Mimi sina mhandisi. Je, kesi yangu imekwisha? — Msagaji, Tororo*

Haijakwisha, ndugu yangu, na nadhani iko katika hali nzuri kuliko unavyohofu. Sheria ya Ushahidi ya Uganda inairuhusu mahakama kusikiliza maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu wa sayansi, kama inavyosikiliza maoni ya mjuzi wa mwandiko au wa alama za vidole, lakini maoni hayo hayamfungi hakimu, hata pale ambapo upande wa pili haukuleta mtaalamu wa kuyapinga. Msimamo huo ulielezwa vizuri mwaka 1953 katika kesi ya Uskoti, Davie dhidi ya wakuu wa jiji la Edinburgh, ambamo mwenye nyumba alidai kwamba nyumba yake iliharibiwa na baruti za wachimbaji wa mfereji wa majitaka. Mahakama ilisema kwamba kazi ya mtaalamu ni kumpa hakimu vigezo vya kisayansi ambavyo kwavyo hakimu mwenyewe ataweza kupima kama hitimisho la mtaalamu ni sahihi. Mtaalamu anayesema tu "kifaa kinafanya kazi, na mimi nimesajiliwa" hajatimiza wajibu huo.

Sasa tuje kwenye kisanduku chenyewe, kwa maana huenda mhandisi wa muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Mota yako inavuta umeme wa namna mbili kwa pamoja: sehemu moja inazungusha shafti na kusaga mahindi, na sehemu ya pili inakwenda na kurudi baina ya mota na mtandao kwa ajili ya kujenga usumaku ndani ya mota, bila kusaga hata punje. Uwiano wa nguvu inayofanya kazi na nguvu yote inayopita wayani ndio mafundi huuita pawa fakta. Tuseme mota inatumia kilowati 15 na pawa fakta ni 0.75. Nguvu yote inayopita wayani, ambayo hupimwa kwa kVA, itakuwa kVA 20, na kwa umeme wa fezi tatu wa volti 415 hiyo ni takriban ampea 28. Ndani ya kisanduku hicho yamkini mna kapasita, ambayo inaikidhi ile sehemu ya pili papo hapo badala ya kuiachia itoke kwenye mtandao. Pawa fakta ikipanda hadi 0.95, kVA zinashuka hadi 15.8 na ampea hadi 22. Ndivyo klampu ilivyosoma mbele yako. Lakini kilowati ni zile zile 15, na mita yako inahesabu yuniti, yaani kilowati mara saa. Mota iliyokula yuniti 15 kwa saa kabla ya kisanduku itakula yuniti 15 kwa saa baada yake.

Ripoti imejibu swali ambalo hukuliuliza. Wewe uliahidiwa bili ndogo, na mhandisi amethibitisha ampea chache. Wakili wako asipoteze muda kumshambulia mhandisi kwa tabia yake au kwa fedha alizolipwa, bali amwombe aeleze mbele ya hakimu, kwa utulivu, klampu yake ilibana waya upi: ule ulio baina ya mita na kisanduku, au ule unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye mota. Akiwa mkweli atakiri kwamba kwenye waya wa pili ampea hazikubadilika. Kisha aulizwe kama alisoma mita ya yuniti kabla na baada, kwa muda gani, na katika kipindi hicho zilisagwa kilo ngapi. Iwapo ripoti haina namba hizo, hakimu hahitaji kuwa mhandisi ili aone pengo.

Haki inanidai niseme na upande wa pili. Ampea zikipungua, joto linalopotea kwenye waya nalo hupungua. Ikiwa waya wako unapoteza asilimia 2 ya umeme, na kisanduku kimefungwa karibu na mota, utaokoa kama robo tatu ya asilimia moja. Kikifungwa ubavuni mwa mita, jinsi wauzaji wengi wanavyopenda kufanya kwa sababu ni rahisi, huokoi kitu. Tena wako wateja wakubwa wa viwanda ambao hutozwa pia kwa kilele cha mahitaji yao kinachopimwa kwa kVA, na hao kapasita iliyochaguliwa vizuri huwafaa kweli. Kwa hiyo chunguza bili yako, uone kama ina tozo la kVA. Kama haina, mhandisi wa muuzaji aulizwe kama aliisoma bili yako kabla ya kuandika ripoti.

Kama una uwezo wa kufanya jaribio moja tu, usilifanye peke yako, maana upande wa pili utalikataa. Mwandikie muuzaji, kupitia wakili, kwamba kwa siku kadhaa mtasaga mahindi ya shehena moja, yaliyokauka sawasawa, kwa chekecheo lile lile, siku moja kisanduku kikiwa kimewashwa na siku ya pili kikiwa kimezimwa, mpangilio wa siku ukiamuliwa kwa kura. Kila jioni mwakilishi wa kila upande atie saini kwenye karatasi yenye masomo ya mita na kilo zilizosagwa. Kinachotafutwa ni kilo kwa yuniti moja. Mahindi mabichi hula umeme mwingi kuliko makavu, na chekecheo chembamba hula zaidi ya chekecheo kipana, ndiyo maana mambo hayo mawili lazima yafungwe kwanza. Muuzaji akikataa kushiriki, barua yake ya kukataa itakuwa kielelezo chako.

Mkumbushe pia wakili wako Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017: ulimweleza muuzaji shabaha uliyoitakia bidhaa, na bidhaa ilipaswa kuifaa shabaha hiyo. Na kwa wasomaji wengine wenye ugomvi kama huu ambao haujafika mbali, madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kupelekwa katika utaratibu wa madai madogo, ambao ni mwepesi zaidi.

Kesi ya Miami

*Mhandisi, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi Kyambogo. Darasani tulisikia kwamba kulikuwa na kesi Marekani juu ya mtambo uliodaiwa kutoa joto zaidi ya mara 50 ya umeme unaoingia, na kwamba wahandisi walibishana juu ya mita ya maji. Mwishowe mahakama iliamua nini? — Mwanafunzi, Kampala*

Mahakama haikuamua, na hilo nitalieleza. Lakini ubishi wa wahandisi katika kesi ile ni somo ambalo ningependa kila mhandisi kijana alisome kabla ya kuweka saini kwenye ripoti yake ya kwanza.

Mvumbuzi wa Kiitaliano, Andrea Rossi, alisema ametengeneza mtambo, alioupa jina la E-Cat, unaozalisha joto kwa mmenyuko wa nikeli na haidrojeni ambao fizikia inayokubalika haiutambui. Mwaka 2012 kampuni yake, Leonardo Corporation, iliingia mkataba wa leseni na Industrial Heat ya North Carolina. Malipo yalipangwa kwa hatua: dola milioni 1.5, kisha milioni 10, kisha milioni 89 iwapo mtambo ungefaulu jaribio la siku 350. Jaribio lilifanyika katika ghala huko Doral, Florida, kuanzia Februari 2015 hadi Februari 2016, na mhandisi aliyepewa kazi ya uthibitisho aliandika kwamba mtambo umefaulu. Industrial Heat ilikataa kulipa. Aprili 2016 Rossi alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Miami.

Hoja ya kiufundi, ukiivua maneno mengi, ni ya kuchemsha maji. Kwa mujibu wa taarifa za jaribio, karibu kilo 36,000 za maji zilipita kwenye mtambo kila siku na kutoka zikiwa mvuke wa nyuzi 102 au 103 hivi. Fanya hesabu mwenyewe: kilo 36,000 kwa siku ni kilo 0.417 kwa sekunde, na kugeuza kilo moja ya maji yaliyofikia kuchemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257. Zidisha, na utapata kilowati 940, yaani karibu megawati nzima. Hesabu haina kasoro. Kasoro, kama ipo, iko katika mambo matatu yaliyoingizwa ndani yake: je, kilo zilikuwa 36,000 kweli, kilichotoka kilikuwa mvuke kweli, na joto hilo lilikwenda wapi?

Upande wa walioshtakiwa ulianza na mita ya maji. Mita ya namna ile inasoma sawasawa pale tu bomba linapokuwa limejaa. Wao walisema kwamba dalili zilionyesha kuwa bomba halikujaa, na walishangaa kuona kiasi kile kile kikiandikwa siku baada ya siku, wakati mtambo halisi huyumba. Mimi nikiona safu ndefu ya namba zinazofanana katika daftari la vipimo, huwa nauliza kwanza nani aliandika na saa ngapi, kabla hata ya kuuliza mita ilikuwa ya aina gani.

Kisha wakaja kwenye mvuke. Katika kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo kinachotoka kwa nyuzi 102 ni mvuke mkavu. Lakini kanieneo ndani ya bomba ikizidi ya nje kwa sehemu ndogo tu, kama moja ya kumi ya ba (kipimo cha kanieneo), kiwango cha kuchemka kinapanda hadi zaidi ya nyuzi 102, na hapo kinachopita kinaweza kuwa maji ya moto yasiyochemka. Tofauti yake ni kubwa mno. Kilo 0.417 kwa sekunde za maji zikipashwa moto kutoka nyuzi 65 hadi 100 bila kuwa mvuke, zinahitaji kilowati 61 tu, na siyo 940. Utaona basi kwamba kipimajoto peke yake, hata kikiwa cha bei ya juu na chenye cheti, hakiwezi kuamua kesi ya dola milioni 89. Kanieneo lazima ipimwe mahali pale pale na kwa usahihi unaotosha, na mvuke wenyewe upimwe ukavu wake.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu halihitaji kuamini mita yoyote. Megawati moja ni sawa na majiko 500 ya umeme ya kilowati 2 yaliyowashwa kwa pamoja ndani ya ghala moja, usiku na mchana, karibu mwaka mzima. Joto hilo haliwezi kujificha. Walioshtakiwa waliuliza kwa nini wafanyakazi waliweza kukaa mle ndani, na mvuke uliodaiwa kutumiwa na mteja wa jirani ulifanya kazi gani. Upande wa Rossi ulijibu kwamba kulikuwa na kibadilisha joto kikubwa kwenye ghorofa ya juu, chenye feni zilizopuliza joto nje. Kwa bahati mbaya kibadilisha joto hicho kilikuwa kimekwisha kuondolewa kabla wataalamu wa upande wa pili hawajakikagua kikifanya kazi, na mtaalamu wa upande wa Rossi akabaki kujenga hoja juu ya maelezo aliyopewa. Hapo ndipo ushahidi wa kihandisi unapopoteza uzito: kifaa kinachobishaniwa kimebomolewa, na mtaalamu anahesabu kitu ambacho hakukiona.

Julai 2017, siku chache baada ya kesi kuanza kusikilizwa mbele ya jopo la raia, pande zote mbili zilipatana na kuacha madai yao. Kwa hiyo hakuna hukumu inayosema kwamba mtambo ulifanya kazi wala kwamba haukufanya, na mtu akikuambia kwamba "mahakama ya Marekani iliukubali" au "iliukataa", ujue kuwa hakusoma hadi mwisho.

Darasani kwenu mtajadili pia kanuni ya kule kwao kwamba jaji ndiye bawabu wa ushahidi wa kitaalamu, yaani yeye ndiye huamua upi uruhusiwe kusikilizwa. Ilitoka katika kesi ya Daubert ya mwaka 1993, iliyohusu dawa. Mwaka 1999 kesi ya Kumho Tire, iliyohusu tairi lililopasuka, ikaipeleka kanuni hiyo kwa wahandisi: uzoefu wa miaka mingi hautoshi kama mbinu iliyotumika haiwezi kukaguliwa.

Asilimia kumi ya ushindi

*Mhandisi, mimi nimesajiliwa hivi karibuni. Wakili mmoja ameniomba niwe shahidi mtaalamu wa kampuni inayodaiwa kuhusu mtambo wa gesi ya samadi ambao mkulima anasema hautoi gesi iliyoahidiwa. Ameniahidi asilimia kumi ya fedha zitakazookolewa tukishinda. Tena ameniomba niondoe ukurasa mmoja wenye vipimo vya juma ambalo gesi ilikuwa kidogo, akisema utawachanganya watu. Nifanye nini? — Mhandisi, Mbarara*

Kataa yote mawili, na ukatae kwa barua.

Kuhusu malipo, shahidi mtaalamu hulipwa kwa saa zake na safari zake, upande uliomwita uwe umeshinda au umeshindwa. Ukikubali asilimia, swali la kwanza la wakili wa mkulima litakuwa hilo, na ukishalijibu hakuna atakayesikiliza kilichobaki. Uingereza mwaka 1993, katika kesi ya meli iitwayo Ikarian Reefer, Jaji Cresswell aliorodhesha wajibu wa mashahidi wataalamu kwa maneno ambayo mawakili wa nchi za Jumuiya ya Madola wanayanukuu hadi leo. Kiini chake ni kwamba wajibu wa mtaalamu ni kwa mahakama, siyo kwa anayemlipa. Kwamba aseme wazi dhana alizozitegemea na asiache mambo yanayoweza kudhoofisha maoni yake. Na kwamba swali likiwa nje ya fani yake, akiri hivyo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo imekupa namba yako, nayo haitafurahi kuiona namba hiyo chini ya ripoti iliyonyofolewa.

Kuhusu ukurasa, nakushauri uufanye uwe moyo wa ripoti. Juma lile gesi ilipungua kwa sababu fulani. Huenda mkulima hakuweka samadi ya kutosha, au aliweka maji kupita kiasi, au usiku ulikuwa wa baridi, na baridi ya vilima vya magharibi hupunguza kasi ya vijidudu vinavyotengeneza gesi. Huenda pia tangi lina ufa. Kila sababu inaacha alama zake: ng'ombe wangapi, ndoo ngapi, joto la tope ndani ya tangi, kanieneo ya gesi valvu ikiwa imefungwa usiku kucha. Kama kanieneo inashuka valvu ikiwa imefungwa, tatizo ni uvujaji na mteja wako ana kesi mbaya, na ni bora alijue hilo sasa ili apatane na mkulima mapema. Kama haishuki, ule ukurasa unaoogopwa unaweza kugeuka kuwa utetezi wake bora.

Katika ripoti yako tenga mambo matatu yasichanganyike: uliyoyaona kwa macho, uliyoambiwa na watu, na uliyoyahesabu. Hifadhi daftari la awali hata kama lina madoa ya samadi, na cheti cha urekebishaji wa kila kipimo ulichotumia.

Kwa nini kifaa chenyewe kisipimwe?

*Wahandisi wawili wanapingana, na hakimu si mhandisi. Si ingekuwa rahisi mahakama iamuru kifaa kipimwe na chombo huru? — Msomaji, Lira*

Ingekuwa, na wakati mwingine hufanyika. Mfano maarufu ni wa Mmarekani Joseph Newman, aliyeomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, mwaka 1979 kwa mashine ya sumaku na koili aliyosema inatoa nguvu zaidi ya inayoingia. Ofisi ya hataza ilimkataa, akaenda mahakamani na viapo vya wataalamu waliomuunga mkono. Hata mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama, ambaye zamani aliwahi kuwa kamishna wa hataza, aliona baada ya kusoma karatasi kwamba ushahidi wa Newman ulikuwa mzito. Ndipo mashine yenyewe ilipopelekwa kwenye taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani. Vipimo vya mwaka 1986 vilionyesha kwamba katika kila jaribio nguvu iliyotoka ilikuwa pungufu ya iliyoingia, na mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba hana haki ya hataza.

Kosa lilikuwa wapi katika viapo vya awali? Umeme wa mashine kama ile hauendi kwa utulivu, unakwenda kwa mipigo ya ghafla, na mita ya kawaida iliyotengenezwa kwa umeme tulivu husoma mipigo hiyo vibaya. Wataalamu wengi waliona mita ikisoma, wakaandika walichokiona. Newman naye alilalamika kwamba taasisi iliunganisha mashine yake kwa namna isiyofaa, na hilo linatufundisha kwamba hata chombo huru kisipokubaliana kwanza na pande zote kuhusu namna ya kuunganisha, ubishi unabaki.

Hapa kwetu, Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina mamlaka ya mizani na vipimo, na Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha utafiti wa nishati ambacho kimekuwa kikipima majiko. Wadaawa wanaweza kukubaliana wenyewe kupeleka kifaa kwa mpimaji mmoja na kugawana gharama, iwe kesi iko mahakamani au mbele ya msuluhishi. Binafsi naona ingefaa mahakama zetu zilitumie jambo hili mara nyingi zaidi, kwa sababu gharama ya kipimo kimoja cha pamoja aghalabu ni ndogo kuliko ya wahandisi wawili wanaosubiri varandani tarehe baada ya tarehe.

Betri ya saa kumi au ya saa mia?

*Nilinunua betri nne za sola, kila moja imeandikwa Ah 200 (ampea mara saa). Friji ya duka langu inazimika kabla ya usiku wa manane. Fundi wa muuzaji alikuja, akapima, akaandika kwamba betri ni nzima kwa kuwa zinasoma volti 12.7. Je, karatasi yake inaweza kutumika dhidi yangu? — Mwenye duka, Arua*

Inaweza kutolewa, lakini haina nguvu. Volti 12.7 za betri iliyopumzika zinaonyesha kwamba imejaa kwa kadiri inavyoweza kujaa. Hazionyeshi ukubwa wa tumbo lake. Betri ya asidi iliyopoteza nusu ya uwezo wake inaweza kusoma volti hizo hizo.

Kabla ya kuita mhandisi wako, geuza betri usome maandishi madogo. Ah 200 bila muda wa kutoa umeme ni namba isiyokamilika. Betri iliyopimwa kwa kutoa umeme polepole kwa saa 100 ikitakiwa kuutoa wote kwa saa 10 itatoa pungufu, hata kwa moja ya tano au robo. Kama maandishi yanasema saa 100, muuzaji atajitetea kwamba betri ni ile ile aliyoiahidi, na kesi yako itakuwa juu ya alichokuambia ulipomtajia friji, wala siyo juu ya ubovu wa betri. Kama yanasema saa 10, jaribio ni rahisi kwa fundi yeyote makini: betri ijazwe kabisa, ipumzike, kisha itoe ampea 20 bila kubadilika hadi ifike volti 10.8, saa ikihesabiwa. Ikidumu kwa saa 10 ni nzima. Ikizimika baada ya saa 6, imebaki na Ah 120.

Joto la chumba liandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, kwa sababu viwango hivi huwekwa kwa nyuzi 20 hadi 25, na joto kali huharakisha kuzeeka kwa betri za asidi. Kama betri zako ziko chini ya paa la mabati bila dari, muuzaji atalisema hilo mahakamani, na mhandisi wako ni lazima awe amelisema kabla yake. Mwite fundi wa muuzaji awepo siku ya kipimo, na betri zote nne zipimwe moja moja, maana mara nyingi ni moja iliyokufa inayozivuta nyingine tatu.